Kompyuta ya Kwanza ya Michezo: Hisabu Ifanywe Kabla ya Safari



Katika nyumba nyingi za zama hizi limezuka ombi ambalo wazee wetu hawakulijua. Kijana aliyemaliza kidato cha nne humjia baba yake na kumwambia kuwa anataka kompyuta ya mezani yenye nguvu ya kuchezea magemu. Michezo hiyo yafaa kwa kiasi gani na kwa saa ngapi, hilo kila mwenye nyumba ataliamua pamoja na watu wake. Sisi leo twataka kusema juu ya fedha, kwani nyumba ikisha kukubali, khasara kubwa aghalabu hutoka katika kununua bila kujua.

Hapa kwetu Namasakata, mkoani Ruvuma, jambo hili lina uzito wake. Fedha ya mkulima wa korosho huja kwa msimu, baada ya minada, nayo yangojewa na ada za shule, salfa ya mikorosho ya mwaka ujao na bati la nyumba. Likitolewa fungu moja kwa ajili ya kompyuta, halipatikani tena mpaka msimu mwingine. Tena duka la vipande liko mbali, Songea au Dar es Salaam. Aliyenunua kipande kisichoingia hawezi kurudi kesho yake asubuhi kukibadilisha, maana nauli ya kwenda na kurudi itakula kile alichodhani amekiokoa. Basi yafaa uchaguzi umalizike juu ya karatasi, nyumbani, kabla mtu hajapanda basi.

KAZI YA KILA KIPANDE

Mzazi asiogope majina. Prosesa ndiyo ifanyayo hisabu zote. Kadi ya picha huchora yale yaonekanayo katika skrini. Memori hushika kazi inayoendelea, na diski huhifadhi programu na magemu hata umeme ukizimwa. Ubao mama huviunganisha vyote, na pawasaplai hugawa umeme kwa kila kimoja. Kwa kazi ya ofisi, prosesa na memori hutosha. Kwa magemu, mzigo mkubwa huiangukia kadi ya picha. Ndiyo maana kijana anayemaliza fedha yake kwa kasha la kioo lenye taa za rangi, kisha akabaki na kadi dhaifu, huwa amenunua taa.

Mwenye fedha kidogo ana njia mbili za kufuata, na kila moja ina mitego yake.

NJIA YA KWANZA: KOMPYUTA YA OFISI ILIYOTUMIKA

Maofisi ya nchi za nje hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa tena katika masoko ya nchi zetu. Kariakoo na kwingineko utaziona Dell OptiPlex, HP ProDesk na Lenovo ThinkCentre, zikiwa na prosesa, memori na diski ndani yake. Kwa mtu wa kipato kidogo huu ni mwanzo mzuri, lakini mambo matatu yatazamwe.

La kwanza ni umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa upande wa prosesa za Intel, huzikubali rasmi zile za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache. Kizazi husomwa katika jina lenyewe: i5-8500 ni ya kizazi cha 8, i5-10400 ni ya kizazi cha 10, na i5-4570 ni ya kizazi cha 4. Muuzaji akisema "hii ni Core i5" tu, bado hajasema neno. Mwombe namba inayofuata.

La pili ni umbo. Chagua kasha refu la kusimama. Yale makasha membamba hayapokei kadi ya picha ya kimo cha kawaida, bali yataka kadi fupi maalumu, ambazo ni adimu. Twamjua kijana aliyebeba kadi yake safari nzima mpaka nyumbani, na alipofungua kasha akaona halina kimo cha kuipokea.

La tatu ni umeme. Pawasaplai za kompyuta hizi ni ndogo, mara nyingi zina umbo la kiwanda chake chenyewe, na aghalabu hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Nafasi ya kadi katika ubao mama hutoa wati 75 tu. Basi tafuta kadi inayotosheka na hizo, kama GTX 1650 ya mwaka 2019 au RTX 3050 yenye memori ya gigabaiti 6 ya mwaka 2024. Hata hapo utazame kadi yenyewe, kwani baadhi ya GTX 1650 zimetengenezwa zikiwa na tundu la waya wa ziada, na hizo hazitakufaa.

NJIA YA PILI: KUUNGA VIPANDE VIPYA

Anayetaka kuunga mwenyewe aweza kuanza bila kadi ya picha. Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ina uwezo wa kuchora picha ndani yake. Itacheza magemu mepesi kama Valorant, na yale mazito ya miaka ya nyuma kwa kupunguza ubora wa picha, mpaka msimu mwingine utakapoleta fedha ya kadi. Lakini herufi ile G si pambo. Ryzen 5 5600 isiyo na G haichori picha, na pasipo kadi skrini itabaki nyeusi. Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-12400F, ina maana hiyo hiyo.

Prosesa hii hukaa katika ubao mama wa AM4, nao hupokea memori ya DDR4 peke yake. Ubao wa AM5, uliotoka mwaka 2022, hupokea DDR5 peke yake. Memori ya aina moja haiingii katika tundu la nyingine. Tena muulize muuzaji kama programu ya ndani ya ubao huo imekwisha kusasishwa kwa prosesa za mfululizo wa 5000. Nunua memori mbili za gigabaiti 8 badala ya moja ya 16, kwa sababu zikifanya kazi kwa jozi huenda kasi zaidi, khasa pale prosesa inapochora picha yenyewe. Na bei yake iulizwe kwanza, kabla ya kitu kingine: mwishoni mwa mwaka 2025 memori zilipanda bei sana duniani, kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vilizigombania.

PAWASAPLAI NA KADI ZILIZOTUMIKA

Kipande ambacho vijana hukidharau ni pawasaplai. Ikiwa mbovu yaweza kuchoma vyote vilivyounganishwa nayo. Jihadhari na ile iliyo nyepesi mno mkononi huku karatasi yake ikitaja wati nyingi. Nyingine zina kitufe chekundu nyuma, cha kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni wa 230. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115, huungua papo hapo. Na kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, fungu la stabilaiza liingie katika hisabu tangu mwanzo.

Kadi zilizotumika zina historia. Nyingi zilichosha miaka mchana na usiku zikichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, mpaka uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022. Si zote mbovu, lakini feni na joto lake lijaribiwe. Wako pia wadanganyifu wanaobadilisha jina la kadi kuukuu ili isomeke kama mpya. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo huzitambua nyingi za namna hiyo. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuiwasha, kisha akaacha gemu lichezwe kwa nusu saa mbele yako.

MGAWANYO WA FEDHA

Kwa anayeunga vipande vyote pamoja na kadi, twashauri fedha igawanywe mafungu 10: manne ya kadi ya picha, mawili ya prosesa, na moja moja kwa ubao mama, memori, diski, na la mwisho kwa pawasaplai pamoja na kasha. Memori ikizidi fungu lake, punguza katika kadi, usipunguze katika pawasaplai. Skrini, kibodi na kipanya viwe na hisabu yao mbali. Diski iwe ya SSD, isipungue gigabaiti 500, kwani gemu moja kama GTA V hutaka zaidi ya gigabaiti 100. Kulishusha gemu la namna hiyo kwa bando la simu hapa kijijini ni gharama nyingine. Afadhali lishushwe mjini, penye intaneti ya bei nafuu, kabla ya kurudi.

Enyi vijana, andikeni karatasi hiyo kwa mkono wenu: jina kamili la kila kipande, bei yake, na kinaingia katika nini. Mwonyesheni mzazi, mumweleze mpaka aelewe, kwa kuwa fedha ni jasho lake. Nanyi wazazi, msiikatae karatasi kwa sababu ya majina yake ya kigeni. Kijana anajua vipande, na ninyi mnajua soko; basi nendeni dukani pamoja. Kompyuta iunganishwe na kuwashwa pale pale, namba za vipande ziandikwe katika risiti, na muda wa dhamana utajwe kwa maandishi. Muuzaji akikataa moja katika hayo, rudisheni fedha mfukoni mwende duka la pili, hata kama basi la jioni litawaacha.