Jina Zeidler na Asali ya Msituni

1. Majina ya kazi

Katika nchi ya Ujerumani kila mtu ana jina lake mwenyewe, tena ana jina la ukoo. Jina la ukoo hulipokea kwa wazazi, naye huwaachia watoto wake. Zamani haikuwa hivyo. Miaka elfu iliyopita watu wengi wa nchi ile walikuwa na jina moja tu. Mtu aliitwa Heinrich, au Konrad, au Johann, basi. Vijiji vilikuwa vidogo, na kila mtu alijulikana kwa jirani zake.

Lakini tangu karne ya 12 miji ilianza kukua. Katika mtaa mmoja wakakaa akina Heinrich watano. Mwandishi wa mji alipoandika kodi, atamjuaje Heinrich aliyelipa na Heinrich asiyelipa? Ndipo watu walipoongeza jina la pili. Wengine waliitwa kwa jina la baba. Wengine waliitwa kwa jina la mahali walipotoka. Wengine waliitwa kwa umbo lao, kama mrefu au mfupi. Na wengi waliitwa kwa kazi ya mikono yao. Mwenye kusaga nafaka aliitwa Müller. Mhunzi aliitwa Schmidt. Mshonaji wa nguo aliitwa Schneider, na mvuvi aliitwa Fischer. Polepole jina likashika ukoo mzima. Mwana wa mhunzi akaitwa Schmidt hata kama hakushika nyundo siku moja.

Leo Müller ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote katika Ujerumani, na Schmidt ni la pili. Sababu yake ni nyepesi. Kila bonde lilihitaji kinu cha kusaga, na kila kijiji kilihitaji mhunzi. Lakini yako majina mengine ya kazi ambayo wenye nayo ni wachache. Moja ni Zeidler. Wajerumani hulitamka karibu na «Tsaidla». Ukiijua kazi ya Zeidler, utajua pia kwa nini jina lake halikuenea kila mahali.

2. Zeidler alikuwa nani?

Zeidler alikuwa mtu wa kurina asali msituni. Hakufuga nyuki nyumbani. Nyuki wake walikaa ndani ya miti mirefu, mbali na kijiji.

Kwanza alichagua mti mzee wenye shina nene, kama msonobari au mwaloni. Alipanda kwa kamba mpaka meta 6 hivi juu ya ardhi. Huko alichonga tundu kubwa ndani ya shina. Kisha akalifunika kwa ubao, akaacha mlango mdogo wa nyuki kupita. Mara nyingi alikata kilele cha mti, ili upepo mkali usiuvunje mahali palipochongwa. Halafu alingoja. Kundi la nyuki wakitafuta makao, waliingia wakajenga masega yao humo.

Msituni alikuwako mwizi mmoja mwenye nguvu nyingi: dubu. Dubu ni mnyama mkubwa mwenye manyoya mazito, ajuaye kupanda miti, na asali ni chakula akipendacho mno. Katika misitu fulani watu walitundika gogo zito kwa kamba mbele ya tundu. Dubu akilisukuma gogo, lilirudi na kumpiga. Akilisukuma kwa hasira zaidi, lilimpiga zaidi, hata akachoka au akaanguka.

Siku kubwa ya Zeidler ilikuja baada ya baridi kali kwisha. Alipanda na moshi na kisu kirefu, akakata sehemu ya masega. Kukata masega namna hiyo kuliitwa «zeideln», na hapo ndipo lilipotoka jina lake. Lakini hakukata yote. Aliwaachia nyuki sehemu yao, ili waishi na kufanya kazi tena. Mwizi hukata yote kwa siku moja, na mwaka wa pili hapati kitu. Zeidler alirudi kwenye mti uleule mwaka kwa mwaka, na baada yake alirudi mwanawe.

3. Kwa nini asali na nta vilikuwa mali

Siku hizo watu wa Ulaya hawakuwa na sukari kama leo. Sukari ya miwa ilitoka mbali sana, na bei yake ilikuwa kubwa. Mtu aliyetaka kitu kitamu alihitaji asali. Waliitia katika vyakula, katika dawa na katika vinywaji. Katika mji wa Nürnberg waokaji walitengeneza mikate mitamu ya asali na viungo, iitwayo «Lebkuchen». Mikate hiyo inapikwa hata leo, na sifa yake imefika nchi nyingi.

Tena nta ilikuwa na thamani kubwa. Maskini waliwasha taa za mafuta ya wanyama, nazo zilitoa moshi na harufu mbaya. Mshumaa wa nta huwaka kwa mwanga safi na harufu nzuri. Kwa hiyo makanisa, nyumba za watawa na majumba ya wafalme vilinunua nta nyingi. Kila mshumaa juu ya altare ulikuwa kazi ya nyuki, na mara nyingi ulikuwa pia kazi ya mtu aliyepanda mti mrefu na kuhatarisha maisha yake.

4. Haki za warina-asali wa Nürnberg

Mji wa Nürnberg uko kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Bavaria. Karibu nao uko msitu mkubwa. Zamani msitu huo ulikuwa mali ya wafalme, na nyuki wake walijulikana sana, hata watu wakauita bustani ya nyuki ya ufalme.

Katika mwaka wa 1350 mfalme Karl IV, ambaye katika mwaka wa 1355 alivikwa taji la kaisari, aliandika haki za warina-asali wa msitu huo. Si kila mtu aliyeruhusiwa kuchonga mti na kukata masega. Ruhusa ilikuwa ya watu maalumu, kila mmoja na sehemu yake ya msitu. Walikuwa na baraza lao la hukumu katika kijiji cha Feucht. Mashauri ya nyuki, ya miti na ya asali yalikatwa huko. Ukimwona mtu amechukua asali katika mti usio wake, hukumpeleka kwa hakimu wa mji. Ulimpeleka mbele ya watu walioijua kazi ile.

Lakini haki ina wajibu wake. Warina-asali walilipa kodi ya asali au ya fedha. Tena waliruhusiwa kuchukua silaha: upinde wenye mpini kama wa bunduki, uliofyatua mshale kwa nguvu nyingi. Mfalme alipowahitaji, iliwapasa kumtumikia kwa silaha hiyo. Basi Zeidler alipopita njiani, watu hawakumwona kuwa mtu mnyonge wa porini. Alikuwa mtu mwenye haki yake, iliyoandikwa kwa mkono wa mfalme.

Sasa wafahamu kwa nini jina hili si la watu wengi. Kinu kilijengwa kila mahali penye maji, lakini asali ya msituni ilihitaji msitu mkubwa wenye miti mizee na maua. Tena, hata penye msitu, walioruhusiwa walikuwa wachache.

5. Jina linapatikana wapi?

Mahali palipokuwa na kazi, hapo ndipo palipobaki jina. Misitu mikubwa ya nyuki ilikuwa upande wa mashariki wa Ujerumani, na katika nchi zinazopakana nayo. Basi hata leo jina Zeidler huonekana zaidi katika jimbo la Saxony. Huko, katika sehemu iitwayo Lausitz, misitu ya Muskau ilikuwa na warina-asali wengi. Katika kaskazini-mashariki ya Bavaria jina huandikwa zaidi Zeitler. Ni jina lilelile. Waandishi wa zamani waliandika kama masikio yao yalivyosikia, na watu wa Bavaria hutamka «d» na «t» karibu sawasawa.

Ng'ambo ya mpaka wa Saxony, katika nchi ya Ucheki, kiko kijiji ambacho Wajerumani walikiita Zeidler. Wacheki wanakiita Brtníky. Majina haya mawili hayafanani kwa sauti, lakini maana yao ni moja, kwa sababu «brtník» kwa Kicheki ni mrina-asali wa msituni. Wapolandi nao wana jina la ukoo Bartnik, lenye maana hiyohiyo. Hivi kazi moja iliacha alama katika lugha tatu.

Baadaye jina lilisafiri. Katika karne ya 19 Wajerumani wengi walivuka bahari wakaenda Marekani, na wengi walikaa katika mji wa Milwaukee. Huko ndugu wawili wa ukoo wa Zeidler walikuwa mameya wa mji, kila mmoja kwa wakati wake. Carl Zeidler alichaguliwa mwaka wa 1940, akafa baharini wakati wa vita mwaka wa 1942. Frank Zeidler alikuwa meya tangu mwaka wa 1948 mpaka 1960. Na katika Ulaya, baada ya vita kwisha mwaka wa 1945, mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa katika nchi za mashariki. Walichukua walichoweza kubeba, na majina yao pamoja nao. Ndiyo sababu leo mtu wa jina Zeidler aweza kukaa mji wowote wa Ujerumani.

6. Kazi ilikufaje?

Kazi ya Zeidler haikufa kwa siku moja. Kwanza msitu ulipungua. Mafundi wa Nürnberg walihitaji kuni na makaa kwa tanuru zao, na wajenzi walihitaji mbao. Katika mwaka wa 1368 mtu wa mji ule, jina lake Peter Stromer, alianza kupanda mbegu za miti mahali palipokatwa. Hilo lilikuwa jambo jema na jipya, na watu wanamkumbuka mpaka leo. Lakini mti uliopandwa kwa ajili ya mbao hukatwa kabla ya kuzeeka. Hauwi mnene vya kutosha kuwa nyumba ya nyuki.

Pili, makanisa mengi ya Ujerumani yalibadili desturi zao katika karne ya 16, na mishumaa ikapungua. Tatu, vita vya miaka 30, tangu 1618 mpaka 1648, viliharibu vijiji vingi. Nne, sukari ilikuwa rahisi kupatikana. Katika mwaka wa 1747 Andreas Marggraf, mtaalamu wa Berlin, alionyesha kwamba sukari imo pia katika mzizi wa mmea unaoota Ulaya. Baadaye vikajengwa viwanda vya kuitoa. Watu nao wakaanza kuweka nyuki katika mizinga karibu na nyumba, maana ni rahisi kuliko kupanda mti.

Siku hizi mfugaji wa nyuki huitwa kwa Kijerumani «Imker». Neno «Zeidler» limetoka katika maneno ya kila siku, na wako wenye jina hilo wasiojua maana yake. Lakini kazi yenyewe haikupotea kabisa. Katika kijiji kilekile cha Feucht iko nyumba ya makumbusho ya warina-asali na nyuki. Na katika misitu ya Poland na Belarusi wako watu wanaopanda miti kwa kamba kama zamani. Mwaka wa 2020 shirika la UNESCO liliandika kazi yao kati ya urithi wa watu wote.

7. Jina na mtu

Jina la ukoo latuonyesha kazi ya babu. Halituonyeshi kazi ya mjukuu. Jambo hili laonekana wazi katika habari ya dawa iitwayo DDT. Mtu wa kwanza kuitengeneza, mwaka wa 1874, aliitwa Othmar Zeidler. Hakujua kwamba huua wadudu. Mwaka wa 1939 mtu mwingine katika Uswisi aligundua nguvu yake, na mwaka wa 1948 alipewa tuzo ya Nobel. Huyo aliitwa Paul Müller. Dawa hiyo iliua mbu waletao malaria, ikaokoa watu wengi. Lakini iliua pia wadudu wasio na kosa, hata nyuki, na nchi nyingi zikaikataza mashambani.

Basi tazama: mwenye jina la mrina-asali alitengeneza dawa iwezayo kuua nyuki, na mwenye jina la msaga nafaka hakusaga unga. Majina yao yalikuwa ya babu zao. Kazi yao ilikuwa yao wenyewe. Lakini kama jina lisingalibaki, nani angaliuliza leo habari za wale waliopanda miti mirefu, wakakata sehemu ya masega, na kuwaachia nyuki sehemu yao?

Maulizo

1. Kwa nini watu wa Ujerumani walianza kuwa na majina ya ukoo?
2. Zeidler alitayarishaje mti wa nyuki?
3. Kwa nini hakukata masega yote?
4. Taja haki mbili na wajibu mmoja wa warina-asali wa Nürnberg.
5. Kwa nini akina Müller ni wengi, na akina Zeidler ni wachache?
6. Eleza sababu tatu zilizoiua kazi ya Zeidler.
7. Uliza wazee wako maana ya jina lako, na nani alikuwa nalo kabla yako. Andika majibu yao katika daftari.