Seva Iliyoachwa Nyuma

Sogeeni karibu, niwasimulie mambo ya usiku wa tarehe 31 Januari 2017. Ni kisa cha kweli, na wenyewe waliohusika walikieleza hadharani bila kuficha kitu.

Kuna kampuni iitwayo GitLab, ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao na kujadiliana. Majina ya watumiaji, orodha ya miradi na maoni yao yote yalikaa kwenye hifadhidata moja ya takriban gigabaiti 300. Seva kuu iliitwa db1. Kando yake ilikuwepo db2, ambayo kazi yake ni kunakili kila badiliko, ili db1 ikianguka, yenyewe ichukue nafasi.

Inanakilije? Fikirieni mwalimu anayeandika ubaoni na mwanafunzi anayenakili daftarini. Mwalimu akifika chini ya ubao, hufuta juu na kuendelea. Mwanafunzi mwepesi hana shida. Mzito wa mkono atainua macho na kukuta mistari aliyokuwa hajaifikia imeshafutwa. Hapo hawezi kuruka. Sharti aanze upya tangu mwanzo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa db2. Usiku ule watu wa barua taka waliilemea hifadhidata, na wakati huohuo seva ilikuwa ikifuta akaunti moja yenye mambo mengi. Ilipofika kama saa tano usiku, kwa saa za Greenwich, db2 ilikuwa imeachwa mbali sana. Mabadiliko iliyokuwa ikiyasubiri yalikuwa yameshafutwa kwenye db1. Kunakili kukasimama.

Fundi wa zamu akaanza kuinakilisha db2 upya. Kwanza aliondoa data zote za zamani za db2, kisha akatoa amri ya kunakili. Amri haikujibu kitu: si kosa, si maendeleo. Kumbe ilikuwa ikisubiri tu db1 ianze kutuma. Yeye akadhani folda ya db2 bado ina masalia, akaamua kuifuta tena. Ilikuwa saa tano na dakika 27 hivi. Akatoa amri ya kufuta, lakini kwenye db1.

Aligutuka baada ya sekunde moja au mbili, akaikatiza. Katika gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Mtasema: si kulikuwa na nakala za akiba? Zilitakiwa ziwepo. Kila siku programu moja ilipaswa kutoa nakala ya hifadhidata na kuituma kwenye hifadhi ya mbali. Walipofungua hifadhi hiyo wakaikuta tupu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa toleo la 9.2 ilhali hifadhidata yenyewe ni 9.6, kwa hiyo kila ilipojaribu ilishindwa. Barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa zilitumwa, ila zilikataliwa njiani kwa kukosa saini inayotakiwa. Mimi hapa ndipo moyo huniuma kuliko pote. Mlinzi alipiga kelele kweli, na hakuna aliyemsikia.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa kumi na moja na dakika 20 jioni ile, mfanyakazi mmoja alikuwa amechukua nakala ya diski nzima kwa ajili ya majaribio. Waliirudisha hiyo. Diski zake zilikuwa za polepole, na wao wakaonyesha kazi yao moja kwa moja YouTube, watu maelfu wakitazama. Huduma ilirudi saa kumi na mbili jioni ya siku iliyofuata. Programu zenyewe za watu zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, zikasalimika. Lakini yaliyoingia hifadhidatani baada ya ile nakala ya jioni yalipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700.

Sasa, seva ya akiba huulizwaje hali yake? Kuona taa inawaka hakutoshi. Kwenye PostgreSQL, ambayo ndiyo hifadhidata yao, unaiuliza seva kuu ikuorodheshee zote zinazonakili kutoka kwake, na kila moja ionyeshe imetumiwa hadi wapi, na imeshayafanyia kazi hadi wapi. Tofauti kati ya hapo na mahali seva kuu ilipofika ndiyo pengo. Angalieni vizuri: seva iliyokatika kabisa haionyeshi pengo kubwa, bali hutoweka kwenye orodha. Orodha tupu inatisha kuliko namba kubwa. Kuna pia njia ninayoipenda zaidi: kila sekunde seva kuu huandika saa ya wakati huo kwenye jedwali dogo, nawe unakwenda kuisoma kwenye seva ya mbali. Ukikuta saa ya dakika kumi zilizopita, umeshajua.

Umbali nao una madai yake. Nuru ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kilomita 4,000 huchukua milisekunde 40 hata njia ikiwa nyoofu. Ndiyo maana seva kuu nyingi hazisubiri ya mbali ijibu. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni nyingine, GitHub, ilipotelewa na mawasiliano kwa sekunde 43 tu kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Programu ya usimamizi ikahamishia kazi ya seva kuu pwani ya magharibi, huku mashariki kukiwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwahi kuvuka. Magharibi nako yakaanza kuandikwa mapya. Kuyapatanisha na kurudisha huduma sawasawa kulichukua saa 24 na dakika 11.

GitLab, baada ya usiku ule, walianza kuchukua nakala ya diski kila saa badala ya mara moja kwa siku. Waliweka vipimo vya kufuatilia kama nakala zinafika kweli, wakabadilisha maandishi ya skrini ili kila seva itambulike waziwazi, na wakaanza kutengeneza mfumo wa kuzifungua nakala zenyewe na kujaribu kurudisha hifadhidata kutoka humo kabla ya siku ya kuhitajika.