Viti Vimechakaa, Gari Bado Lina Nguvu

Katika nyumba nyingi za Magomeni (nasema Magomeni yetu ya Kilosa, si ile ya Dar es Salaam) gari la familia ni la siku nyingi. Huenda ni Corolla iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, au Land Rover ambayo baba aliinunua kwenye mnada. Injini ni nzima na fundi anaisifu. Lakini ndani! Sponji imetokeza, kitambaa cha dari kinaning'inia, na mlango wa nyuma haufunguki mpaka mtu ashuke akaufungue kwa nje. Hata hivyo, ndilo gari linalompeleka mjamzito hospitali usiku, ndilo linalobeba mahindi ya kuuza na watoto wa kwaya. Kulitupa hatuwezi, na fedha ya kununua jingine hatuna.

Wengi wetu huanza na kile ambacho wageni watakiona. Fedha ya kwanza huishia kwenye kava za viti zenye maua, huku mkanda wa usalama uliochanika ukisubiri mwaka ujao. Tupange upya. Kwanza mikanda, pili milango ifunguke kutoka ndani, tatu viti vikazwe barabara sakafuni. Maua yatafuata fedha ikibaki.

Mkanda wa namna tunayoifahamu leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo ya Sweden. Kuupima ni rahisi. Uvute ghafula, mikanda mingi ikiwa mizima hukwama palepale. Ukiendelea kutoka kama kamba ya kisima, mwonyeshe fundi. Mkanda uliochanika usishonwe kwa cherehani, hata fundi akikuapia. Wala usinunue mkanda uliotoka kwenye gari lililopata ajali, kwa maana nyuzi zake huenda zimekwisha kulegea na jicho lisione. Mkanda mchafu tu ni habari nyingine: ufue kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, usitie dawa ya kung'arisha nguo, kisha uanike kivulini.

Kuhusu mlango wa nyuma, angalia jambo moja kabla hujatoa hata senti. Fungua mlango na utazame ukingoni, karibu na kitasa. Magari mengi yana kijiti kidogo pale, kilichowekwa ili watoto wasifungue mlango gari likiwa safarini. Kikisukumwa, hendo ya ndani haifanyi kazi. Wapo waliokwisha kununua hendo mpya kumbe ni hicho tu! Kama kweli imevunjika (plastiki ya zamani hukaushwa na jua ikawa kama biskuti), hendo si kitu cha bei kubwa.

Sasa, tutafute wapi? Anza karibu. Uliza kwenye gereji za Kilosa na Mikumi kama kuna gari la aina yako lililolala uani. Lisipopatikana, kuna Morogoro mjini, na mwisho Gerezani, Kariakoo, ambako spea za mtumba kutoka Japani zimejaa. Kwa kuwa Japani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia na vitu vya ndani huingia bila kubadilishwa. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina stesheni Kilosa, hivyo safari imekuwa fupi. Hata hivyo piga hesabu kama yule mjenga mnara wa Luka 14: ukisafiri kwa ajili ya hendo moja, nauli itaishinda hendo. Andika mahitaji yote kwanza, wewe na baba watoto, ndipo mmoja wenu aende.

Usimtume kijana kwa maneno matupu, "niletee hendo ya Corolla". Corolla ya AE100 ilianza mwaka 1991, AE110 ikaifuata mwaka 1995, na ya huku inaweza kukataa kule. Fungua boneti, tafuta kile kibati chenye namba ya gari. Kwenye Toyota huwa kina pia namba ya rangi ya nje na ya ndani. Kipige picha kwa simu. Na kilichovunjika kifungwe kwenye mfuko kiende sokoni kama kielelezo.

Bei ikiwa ndogo mno, simama kidogo. Redio na vioo vya pembeni huibwa sana. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kwetu sisi si suala la polisi tu. Tutasali asubuhi, na jioni tununue redio ya jirani? Dai risiti. Muuzaji akikataa, ondoka.

Viti vya mtumba navyo vina siri. Hapa Kilosa tunayajua maji; mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hayajasahaulika. Kiti kilichozama huoshwa kikapendeza juu, lakini reli zake za chini hubaki na kutu na tope kwenye pembe. Kipindue. Kinuse pia.

Mara nyingi, lakini, kiti hakihitaji kununuliwa. Kinachobonyea ni sponji ya dereva, na ile ya abiria bado ni nzima; pima, maana katika magari mengi ya zamani zinaweza kubadilishana. Kama springi zimechoma sponji, fundi atandaze gunia la katani juu ya springi kabla ya kurudisha sponji. Mkonge ni zao letu tangu enzi za mashamba ya Kimamba. Kitambaa kigumu unaweza kukishona mwenyewe, ukikifumua cha zamani na kukitumia kama kipimo.

Kama gari lina puto la usalama kwenye usukani au pembeni mwa kiti, fundi asiguse nyaya hizo kabla ya kuchomoa betri na kusubiri. Toyota huelekeza sekunde 90 au zaidi.

Na kabla hujamlipa, keti nyuma, ujifungie mlango, halafu ujaribu kutoka bila msaada. Rudia mlango wa pili.