Majonzi na Mshtuko: Jeraha Lisilotoka Damu



Katika ukurasa wa afya tumezoea kusoma juu ya malaria, juu ya kuhara, na juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Leo tutasoma juu ya jeraha lisilotoka damu. Jeraha hilo ni majonzi ya kufiwa, pamoja na mshtuko unaompata mtu aliyeona jambo la kutisha.

Mimi nafanya kazi ya uganga msaidizi katika zahanati. Kila wiki huja watu wanaosema: moyo unaenda mbio, kichwa kinauma, usingizi sipati, chakula hakipiti. Tunapima malaria, hakuna. Tunapima presha, mara iko juu kidogo, mara ni sawa. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu, hurudi nyumbani, na baada ya siku kumi yuko tena kwenye benchi. Ukimwuliza taratibu, "Mama, nyumbani kuna nini?" ndipo unaposikia habari ya mtoto aliyekufa mwezi wa tatu, au ya mume aliyegongwa na gari katika barabara ya Morogoro.

Mama huyo hasemi uongo. Moyo wake unaenda mbio kweli.

KWA NINI MWILI UNAUMA

Mtu akiogopa, ubongo hupiga kengele. Tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga haraka ili damu ifike miguuni. Misuli hukaza. Tumbo huacha kusaga chakula. Kazi hiyo ni njema, maana hukusaidia kumkimbia nyoka. Nyoka akienda zake, kengele hunyamaza. Taabu inakuja pale kengele inapoendelea kulia wakati nyoka hayupo.

Mifano tunayo hapa hapa Dar es Salaam. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka kule Mbagala, Wilaya ya Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba nyingi ziliharibika, na watoto walikimbia ovyo wasijue wazazi wao wako wapi. Haikupita miaka miwili. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka tena, safari hii Gongo la Mboto, na hapo pia watu zaidi ya 20 walikufa. Maelfu walikimbia nyumba zao usiku ule.

Sasa mfikirie mtu aliyekimbia usiku ule akiwa na mtoto mgongoni. Miaka imepita. Amekaa kibarazani anachambua mchele, na lori linapasuka tairi barabarani. Ungo unaanguka. Jasho linamtoka, miguu inatetemeka, na kwa kitambo kidogo haoni kibaraza wala mchele, anaona moto. Majirani wakicheka watakuwa wamekosea. Ubongo wake umeisikia sauti ile na kuamini kwamba mabomu yamerudi. Mwingine huota jambo lile kila usiku. Mwingine hakubali kabisa kupita mahali lilipotokea. Mwingine huwa mkali kwa watoto bila sababu. Haya yote ni dalili za mshtuko, na zikidumu zaidi ya mwezi mmoja mtu huyo anahitaji matibabu.

MATANGA NI DAWA

Kuna dawa moja ambayo watu huidharau kwa sababu hainunuliwi dukani. Dawa hiyo ni matanga.

Angalia yanavyokwenda. Mtu akifa, mkeka hutandikwa. Wanawake hulala chini pamoja na mfiwa, mmoja huku na mmoja huku. Mwingine anashika jiko, mwingine anateka maji. Wanaume wanakaa nje, wanaongea habari za marehemu, na mara nyingine wanacheka kidogo. Mfiwa analia na hakuna anayemshangaa. Akilala yuko na mtu, akiamka yuko na mtu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa kitabu mwaka 2011 juu ya huduma ya kwanza kwa mtu aliyepata mshtuko. Humo wanasema: mwangalie kama yuko salama, msikilize, kisha mwunganishe na ndugu zake na msaada mwingine. Bibi zetu wangekisoma kitabu hicho wangesema, "Mbona haya ndiyo tunayoyafanya?"

Lakini mjini siku hizi matanga huanuliwa siku ya tatu, na mara nyingine siku ile ile ya kuzika. Watu wana kazi, wapangaji wana vyumba vidogo. Hilo naelewa. Nisilolielewa ni jinsi tunavyopata fedha za turubai, viti na spika, halafu mwezi wa pili hakuna hata mtu mmoja anayepiga hodi kwa mjane. Mwezi wa pili ndio mgumu. Siku za mwanzo mfiwa huwa kama aliyepigwa ganzi. Ganzi ikiisha, wageni nao wamekwisha kwenda.

Vikundi vingi vya kufa na kuzikana vina daftari la michango. Katika daftari hilo hilo fungueni ukurasa mmoja wa zamu za kutembelea. Juma hili anakwenda mama huyu, juma lijalo anakwenda mzee yule, mpaka miezi sita ipite. Hakuna haja ya kubeba zawadi kubwa. Hapa Kimara, ambako maji yametusumbua kwa miaka mingi, madumu mawili ya maji yakiletwa mlangoni ni rambirambi kamili.

MISIBA ISIYO NA MKEKA

Kuna misiba ambayo haina matanga, na hiyo huumiza kwa namna yake.

Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa pamoja Igoma, na wengine hawakupatikana kabisa. Ndugu asiyeuona mwili hubaki nusu anaomboleza na nusu anasubiri. Kila mlango ukibishwa, moyo unashtuka. Kwa watu kama hawa inafaa ndugu wakutane, wafanye dua au ibada, wachague siku na mahali pa kumkumbuka marehemu, hata kama hakuna kaburi.

Sisi wa Kimara tunao msiba wetu wa namna hiyo. Mwaka 2017 nyumba na maduka yaliyokuwa kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, yalibomolewa ili barabara ipanuliwe. Leo barabara ni pana na magari yanapita. Habari ya sheria nawaachia wenye kazi hiyo, mimi nasema habari ya afya. Mzee aliyejenga chumba kimoja, akangoja miaka mitatu akaongeza cha pili, akaozesha mabinti zake katika nyumba ile, siku ilipoanguka hakupoteza matofali peke yake. Alipoteza majirani, wateja wa duka lake, na heshima ya kuitwa mwenye nyumba. Lakini hakuna aliyemtandikia mkeka. Aliambiwa "Pole mzee, ndiyo maendeleo," watu wakaenda zao. Baadhi ya wazee hao bado hutuletea presha na kukosa usingizi, na wao wenyewe hawaunganishi mambo hayo mawili. Ukiwa na jirani wa namna hiyo, mwulize habari za nyumba yake ya zamani. Mwache aseme ilikuwa na madirisha mangapi.

USIMWAMBIE MTOTO "AMESAFIRI"

Hapa naomba usome polepole, kwa maana ndipo watu wazima wengi wanapokosea kwa nia njema.

Mama amekufa. Mtoto ana miaka mitano. Shangazi anamwambia, "Mama amesafiri." Mtoto anangoja. Kila basi likisimama anatazama. Siku zinapita, naye anaanza kuwaza peke yake: mama ameondoka bila kuniaga, labda nilimkosea, labda siku ile nilipomwaga uji. Baadaye shangazi mwenyewe akitaka kusafiri kwenda Morogoro, mtoto analia mpaka anatapika. Kwake yeye, kusafiri ni kutorudi.

Mwingine huambiwa, "Amelala." Mtoto huyo huogopa kulala.

Mwambie mtoto ukweli kwa maneno mafupi. "Mama alikuwa anaumwa sana. Waganga walijaribu, ikashindikana. Amekufa. Mwili wake haufanyi kazi tena, haumwi tena. Hatarudi. Wewe hukufanya kosa lo lote. Mimi nitakaa nawe." Atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Mjibu vile vile. Atalia kidogo, kisha atakwenda kucheza. Usidhani hana huzuni, watoto huomboleza kwa vipande vipande.

Baada ya msiba au tukio la kutisha, mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Asichapwe wala asiaibishwe mbele ya wenzake. Mrudishe shule mapema, umpe kazi zake za kila siku, umlaze karibu na mtu anayempenda. Kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe. Simu ya msaada kwa watoto ni namba 116, na hailipiwi.

Huko Moshi, na ng'ambo ya mpaka Bungoma nchini Kenya, watafiti waliwafundisha watu wa kawaida wasio madaktari kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi. Watoto walikutana katika vikundi kila wiki, pamoja na walezi wao. Walifundishwa kutuliza pumzi, kutaja wanachokiogopa, na kusimulia kifo cha mzazi kidogo kidogo mpaka woga ukapungua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, nayo yalionyesha kwamba watu wa kawaida wakifundishwa vizuri na kusimamiwa wanaweza kuifanya kazi hii.

Zimbabwe nao wamefanya la kwao. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza mpango mjini Harare akiwatumia mabibi. Benchi la mbao huwekwa nje ya zahanati, bibi aliyefundishwa hukaa hapo, na mwenye mawazo mengi huja kukaa naye. Wanachagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kwanza. Sisi mabibi tunao, na mafundi wa mabenchi tunao.

MAMBO YA KUACHA

Mimi silipendi neno "Jikaze," hasa kwa wanaume. Mwanamume akifiwa na mke tunampiga bega na kumwambia ajikaze, jioni tunamwona kilabuni. Pombe humpa usingizi wa saa tatu, kisha humwamsha usiku wa manane na huzuni mara mbili.

Usimlazimishe mtu kusimulia tukio. Akitaka kusema, sikiliza. Akitaka kunyamaza, kaa naye.

Usinunue dawa za usingizi dukani. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba aliyefiwa au aliyetoka kupata mshtuko asipewe dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya dalili hizo. Dawa hizo hazitibu majonzi, na mwili huzizoea upesi, kuziacha kukawa kazi nyingine.

Na ninyi ndugu wa marehemu mnaokuja kuhesabu vyombo na mabati kabla arobaini haijafika, jueni kwamba mnaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Mambo ya mirathi yana mahakama yake.

LINI AJE KUTIBIWA

Huzuni ya kawaida hupanda na kushuka. Leo mtu analia, kesho anacheka na wajukuu, siku ya sikukuu analia tena. Hiyo haina haja ya dawa. Lakini kama miezi sita imepita na mtu bado hawezi kulima, kuuza wala kupika kwa sababu ya kumtamani marehemu mchana na usiku, hiyo imekwisha kuwa maradhi. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022 umeyaandika hivyo.

Vile vile kuna sonona. Huu ni ugonjwa wa huzuni nzito inayokaa majuma mawili au zaidi, mtu hafurahii kitu cho chote, anajiona hana thamani. Sonona inatibika kwa mazungumzo na kwa vidonge. Vidonge vyake havifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla mgonjwa hajaona nafuu, na wengi huviacha siku ya tano wakisema havifai. Usiviache bila kumwuliza aliyekupa, wala usimgawie jirani.

Kuna hali moja ya kutongoja hata kesho. Ni pale mtu anapoanza kusema, "Bora nimfuate," au anapogawa vitu vyake, au anapoficha sumu ya panya au dawa ya shambani. Mwulize waziwazi: "Je, unafikiri kujiua?" Watu huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Halimtii. Wengi huvuta pumzi, wakaanza kusema. Ondoa sumu, kamba na visu karibu naye, asiachwe peke yake hata chooni, na aletwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku umpeleke hospitali moja kwa moja. Kutoka kwetu tunawapeleka wagonjwa Mwananyamala au Muhimbili, ambako kuna wataalamu wa magonjwa ya akili. Kupelekwa huko hakuna maana kwamba mtu ni kichaa.

Ukija zahanati na maumivu yasiyoisha, mwambie anayekupima kama umefiwa au umepatwa na jambo la kutisha, na lini. Kama benchi limejaa na unaona haya kusema mbele ya watu, sema tu kwamba una neno la faragha. Mlango utafungwa.