Clouseau na Dreyfus: mjinga nani, muovu nani?



Likitajwa tu jina la Inspekta Clouseau watu huanza kucheka kabla hata kisa hakijatolewa. Wanaukumbuka ule muziki wa Henry Mancini, yule chui wa katuni wa rangi ya waridi, na bwana mmoja mwenye masharubu na koti la mvua anayejikwaa kwa kila kilichopo mbele yake. Halafu utasikia: "Ah, vichekesho tu vile, polisi zuzu." Mie nimezitizama filamu hizi mara nyingi kupita kiasi, na kwa maoni yangu aliyezibeba khasa si Clouseau peke yake. Ni ugomvi baina yake na bosi wake, Dreyfus. Na utamu wa ugomvi wenyewe ni kuwa ni wa upande mmoja. Mmoja analala na kuamka akiwaza namna ya kumuua mwenzake. Huyo mwenzake hana hata khabari kama ana adui.

Katika filamu ya mwanzo, The Pink Panther ya 1963, Dreyfus hayumo. (Na huyo "panther" si mnyama, ni almasi, ingawa wengi mpaka leo wanadhani ni yule wa katuni.) Mjanja pale ni Sir Charles Lytton, mwizi wa vito, aliyechezwa na David Niven. Clouseau anamsaka mwizi dunia nzima, na mkewe mwenyewe Clouseau ndiye hawara na mshirika wa mwizi! Mwisho wake mahakamani: inspekta anatoa leso ajifute jasho, almasi inachomoka nayo, maana alikwishatiwa mfukoni bila ya kujua. Anafungwa yeye. Peter Sellers hakuwa hata mtu wa kwanza kupewa nafasi ile, alipewa Peter Ustinov akajitoa. Lakini watu walipoiona filamu, Niven walimsahau.

Ndipo mwaka 1964 ikaja A Shot in the Dark, na hapa ndipo pa kukaa. Asili yake ni mchezo wa jukwaani ambao hata Clouseau hamna ndani yake. Mtengenezaji, Blake Edwards, akamchomeka humo pamoja na mwandishi William Peter Blatty, yule yule aliyekuja kuandika The Exorcist. Kisa ni hiki: katika nyumba ya tajiri mmoja wa Paris ameuawa dereva, na mtumishi wa kike, Maria Gambrelli, amekutwa na bastola mkononi. Kila ushahidi unamwelekea yeye. Clouseau anamwangalia mara moja tu, moyo unamwenda, anasema hakuua. Anamfungua. Anauawa mtu mwengine, na Maria yupo pale pale. Anamfungua tena. Kila akimfungua, mtu anakufa. Naye inspekta akijibadilisha sura ili amfuate, mara muuza mapurutangi, mara mchoraji, mara mwindaji, anakamatwa yeye na polisi wenziwe kwa kukosa leseni.

Sasa mtizameni Dreyfus, aliyechezwa na Herbert Lom. Huyu ni mkuu wa polisi wa kweli. Ana akili, anajua sheria, anajua ushahidi una maana gani. Anachotaka ni kazi ifanywe kama inavyotakiwa. Kila anachosema kuhusu Clouseau ni kweli tupu! Anafika kusema akipewa watu kumi mfano wa Clouseau ataiangamiza dunia. Jicho linaanza kumcheza. Kwetu jicho likikucheza wazee husema utaona jambo. La Dreyfus likicheza ujue Clouseau yuko mlangoni. Anajikata kidole gumba kwa kimashine cha kukatia sigara. Mwisho anaanza kumwinda Clouseau usiku kwa sumu na visu, na wanaokufa ni wapita njia.

Lakini angalieni kitu ambacho wengi kinawapita. Clouseau alisema kweli. Maria hakuua. Waliokuwa na hatia ni wale mabwana na mabibi wa nyumba ile na wenzao, na aliyekuwa safi ni mtumishi tu, ambaye kila mwenye akili alikuwa tayari kumpeleka kunyongwa. Mjinga ndiye pekee aliyemwamini. Sisemi alimwamini kwa hekima, la, alimwamini kwa kupenda. Wakosa wote wanakimbilia gari ya Clouseau ili watoroke, na gari ile Dreyfus ameitia bomu. Kwa hivyo hukumu imepitishwa na mjinga, na aliyeitekeleza ni mwerevu, bila ya hata mmoja wao kukusudia.

Ya 1975 naipita haraka: Dreyfus ana kiberiti cha gesi chenye umbo la bastola, na bastola ya kweli inayofanana nacho. Mnaweza kukisia yaliyoipata pua yake. Anaishia hospitali ya wendawazimu.

Ile ya 1976, The Pink Panther Strikes Again, inaanzia huko huko hospitali. Dreyfus amepona, siku hiyo hiyo kesi yake inasikilizwa aachiwe. Nani anakuja kumtolea ushahidi mzuri? Clouseau! Amekuja kwa wema kabisa. Wanakaa kando ya ziwa, na kwa wema ule ule anamtumbukiza majini zaidi ya mara moja. Wazimu unarudi. Dreyfus anatoroka, anamteka profesa, anajenga mashine ya kuangamiza, analifuta jengo la Umoja wa Mataifa New York kama chaki ubaoni, na anachoiomba dunia si fedha wala ufalme, ni maiti ya Clouseau. Mataifa yanapeleka wauaji Munich, kwenye sherehe za bia, nao wanauana wenyewe kwa wenyewe, maana kila anayelenga, Clouseau anainama. Halafu Dreyfus anaumwa jino. Daktari anayeletwa ni Clouseau kajibadilisha, anafungua gesi ya kuchekesha, wanacheka wote wawili mpaka machozi, na jino linalong'olewa silo.

Mie nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa Clouseau. Kisha ughaibuni nikafanya kazi miaka mitatu na bwana mmoja wa namna hiyo. Alikuwa akipoteza makaratasi, akipokea sifa, na kila asubuhi akiniletea chai kwa upendo. Siku moja nikahisi jicho linanicheza. Tangu hapo namtizama Dreyfus kwa huruma nyingi.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: mtu ametulia na kiko chake, anafikiri, fumbo linafumbuka. Kwa Clouseau fikra na ukweli havijuani kabisa, kila kimoja kina njia yake. Ndiyo maana ile ya Steve Martin ya 2006 haikunikaa. Humo Dreyfus anamchagua Clouseau makusudi kwa sababu ni mjinga. Ukishaeleza ujinga umetoka wapi na una kazi gani, umeshaufanya akili.

Sellers alifariki 1980, Lom 2012. Filamu ya mwisho waliyoicheza pamoja ni ya 1978. Humo inatangazwa Clouseau kafa, na Dreyfus, aliyepona ghafla kwa khabari hiyo, anaambiwa yeye ndiye atakayesoma sifa za marehemu mazikoni. Anasoma. Ushujaa wake, akili zake, utumishi wake. Kicheko kinambana, anaficha uso, mabega yanatetemeka, na waombolezaji wanasikitika kwa kuona alivyompenda. Kisha anainua macho, anamwona marehemu kasimama pale kavaa nguo za padri, na anayeangukia kaburini ni yeye.