Gofu la kijijini lina umri gani? Maabara inayopima chokaa hupima pia moyo wa binadamu

Katika vijiji vingi vya pwani yetu, kutoka Lamu hadi Kilwa, kuna gofu. Pengine ni msikiti uliobaki kuta mbili, pengine ni kaburi lenye nguzo, pengine ni ukuta tu ambao mbuzi hupumzikia kivulini pake. Uliza wazee lilijengwa lini. Mmoja atakuambia ni la Washirazi. Mwingine atasema ni la wakati wa Wareno. Wa tatu atakujibu kwamba hata babu wa babu yake alilikuta hapo hapo.

Mahali pachache pana bahati ya maandishi. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijria 500, yaani 1107 Miladia. Gede, karibu na Malindi, kuna kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, ambao ni 1399. Magofu mengi hayana bahati hiyo. Mjenzi alimaliza kazi yake, akanawa mikono na kuondoka, bila kuandika chochote.

Lakini chokaa aliyoitumia iliandika. Na jambo la kushangaza ni kwamba maandishi hayo yanasomwa kwa njia ile ile inayotumika kujua umri wa mfupa, wa lenzi ya jicho, na hata wa seli za moyo wa mtu aliyekuwa hai juzi. Katika makala haya tunaeleza jinsi inavyofanyika, kwa nini wakati mwingine jibu hukosewa, na kwa nini mfuko mmoja wa saruji unaweza kuficha jibu hilo.

Saa iliyo ndani ya kaboni

Kila kiumbe hai kina kaboni: mahindi, ng'ombe, samaki, wewe na mimi. Makaa ya jikoni sehemu yake kubwa ni kaboni. Hewa pia ina kaboni, katika gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo wengi huiita hewa ya ukaa.

Karibu kaboni yote ni ya kawaida, haibadiliki. Ila kiasi kidogo mno, kama atomu moja katika kila atomu bilioni elfu moja, ni ya aina inayoitwa kaboni 14. Aina hii hutengenezwa juu sana angani, miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa yetu. Kisha huchanganyika na hewa ya kawaida, huingia kwenye majani, na kutoka kwenye majani huingia kwa anayekula majani na kwa anayemla huyo mla majani.

Kaboni 14 haidumu. Huoza polepole, kwa mwendo usiobadilika: kila baada ya miaka 5,730 hivi, nusu ya iliyokuwepo huwa imeondoka. Mti ukiwa hai hupata nyingine kila siku. Ukikatwa, mlango umefungwa. Haiingii mpya, na ile iliyomo huanza kupungua. Anayepima iliyobaki anaweza kuhesabu mlango ulifungwa lini.

Aliyebuni njia hii ni mwanakemia Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, miaka ya 1940. Mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo zipo mashine zinazohesabu atomu za kaboni 14 moja moja, na kipande kidogo kuliko punje ya mchele kinaweza kutosha.

Chokaa hufunga mlango lini?

Hapa utauliza: ukuta si kitu hai, sasa kaboni yake inatoka wapi?

Mafundi wa chokaa wanajua nusu ya jibu. Jiwe la matumbawe au la chokaa hupangwa juu ya magogo au ndani ya tanuu na kuchomwa kwa moto mkali, karibu nyuzi joto 900. Jiwe linapoungua hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake. Kinachobaki ni chokaa kali, ile inayochemka ukiimwagia maji. Fundi huichanganya na mchanga, akaitumia kushikilia mawe au kupiga lipu.

Nusu ya pili haionekani kwa macho. Mchanganyiko huo ukiwa ukutani huanza kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani, na ndiyo inayoufanya uwe mgumu kama jiwe tena. Yaani chokaa huchukua ndani yake hewa ya mwaka ule wa ujenzi, na ikishakauka na kushika, mlango umefungwa. Ukuta umehifadhi pumzi ya siku zile.

Wazo la kupima chokaa namna hii lilichapishwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1964. Lilijaribiwa kwa bidii zaidi kuanzia miaka ya 1990 katika visiwa vya Åland, Finland. Huko kuna makanisa ya mawe ya zamani ambayo hayakuacha hati za ujenzi, na wasomi walibishana juu ya umri wake kama wazee wetu wanavyobishana juu ya gofu. Watafiti walichukua vipande vidogo vya chokaa na kuvipeleka maabara ya Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark. Palipokuwa na mbao za zamani zenye duara za miaka zinazohesabika, walilinganisha majibu ya chokaa na ya mbao, ili wajue njia yao inaaminika kiasi gani.

Mahali ambapo saa hudanganya

Chukua ukuta wa miaka 800. Kaboni 14 yake imebaki kama asilimia 91. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo uchafu kidogo tu unaharibu hesabu.

Uchafu mkubwa ni jiwe ambalo halikuiva. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu yanayochimbwa pwani yana zaidi ya miaka 100,000. Kaboni 14 yake ilikwisha zamani. Kama moto wa tanuu haukutosha, vipande vya jiwe bichi hubaki ndani ya chokaa. Ikiwa asilimia 5 tu ya kaboni inayopimwa inatoka kwenye jiwe bichi, jibu linazidi kwa miaka 400 na zaidi. Msikiti wa miaka 600 utatangazwa kuwa wa miaka 1,000. Watu watasherehekea, vitabu vitaandikwa, na haitakuwa kweli.

Mchanga nao ni tatizo. Mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya kombe na matumbawe, na kaboni ya bahari husomeka kuwa ya zamani kuliko ya hewani, kwa wastani kama miaka 400. Upande wa pili, katikati ya ukuta mnene chokaa hukauka polepole sana, kwa hiyo husomeka changa kuliko ukuta wenyewe.

Dawa yake ni uvumilivu. Mtafiti huchagua chokaa iliyo karibu na uso wa ukuta, huisaga, huichuja, kisha huimwagia asidi na kukusanya hewa inayotoka kwa mafungu. Chokaa ya mjenzi huyeyuka haraka, jiwe bichi huchelewa. Fungu la kwanza ndilo lenye ukweli zaidi. Mafungu yakipishana sana, mtafiti mwaminifu husema: sampuli hii siiamini. Wakati mwingine hutafuta pia vipande vya makaa vilivyonaswa ndani ya chokaa, vilivyotokana na kuni za tanuu, avilinganishe.

Mfupa wa binadamu una mtego kama huo. Mtu aliyekula samaki maisha yake yote ana kaboni ya bahari mwilini, na mifupa yake inaweza kuonekana ya zamani kuliko ilivyo. Anayepima mifupa ya mvuvi lazima ajue mvuvi alikula nini.

Mabomu yaliyotia alama katika miili yetu

Kwa mtu wa siku hizi, saa tuliyoieleza haisaidii. Katika miaka 60 kaboni 14 haipungui hata asilimia moja. Lakini ipo saa ya pili, iliyoletwa na jambo baya.

Kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia angani kwa majaribio. Kaboni 14 ya hewani ikapanda hadi karibu mara mbili. Mwaka 1963 ulitiwa saini mkataba wa kusimamisha majaribio ya angani, na tangu hapo kiwango kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, huku bahari na mimea vikiinyonya. Kwa hiyo kila mwaka una kiwango chake. Kila aliyeishi tangu wakati huo, awe Tokyo au Tandahimba, ana alama hiyo mwilini kupitia chakula. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Watafiti hawakumdunga mtu yeyote kitu, walipima tu kilichokuwemo tayari.

Katika Taasisi ya Karolinska, Sweden, watafiti walitumia alama hiyo kuuliza swali kubwa: sehemu za mwili wetu zina umri gani? Seli ikizaliwa, hutengeneza vinasaba vyake kwa kaboni ya wakati huo. Ukipima vinasaba, unaujua umri wa seli.

Majibu yametofautiana kwa kila kiungo:

Meno. Ganda gumu la nje hutengenezwa utotoni na halibadilishwi tena. Mwaka 2005 walionyesha kwamba jino linaweza kukadiria mwaka wa kuzaliwa kwa kukosea mwaka mmoja na nusu hivi. Hiyo husaidia kumtambua marehemu aliyeokotwa bila jina, ili apate kurudishwa kwa ndugu zake.

Mafuta. Mwaka 2008 waligundua kwamba takriban asilimia 10 ya seli za mafuta hubadilishwa kila mwaka, lakini idadi yake kwa mtu mzima hubaki ile ile. Anayepungua uzito, seli zake husinyaa tu, hazipungui idadi.

Moyo. Wengi waliamini kwamba seli za misuli ya moyo hazizaliwi upya kabisa. Mwaka 2009 ilionekana kwamba huzaliwa, ila kwa uchache: kama asilimia 1 kwa mwaka ukiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya hiyo ukifika 75. Ndiyo maana moyo ulioumia haujirudishi wenyewe. Lakini kama mwili unaweza hata kidogo, madaktari wana sababu ya kutafuta dawa ya kuusaidia uweze zaidi.

Maabara ile ile ya Aarhus iliyopima chokaa za Åland ilipima pia lenzi za macho ya binadamu, na mwaka 2008 ikaonyesha kwamba kiini cha lenzi hubaki na kaboni ya utotoni hadi mwisho wa maisha. Ilipimwa pia ile kano nene ya nyuma ya kisigino. Ndani yake karibu haibadiliki tena baada ya umri wa miaka 17 hivi, na hiyo husaidia kueleza kwa nini ikijeruhiwa hupona kwa shida.

Ukuta, jino, kiini cha lenzi: vyote vilifunga mlango siku moja na kubaki na hewa ya siku hiyo. Kazi ya maabara ni kujua ni mlango gani uliofungwa, na kama kuna aliyeufungua baadaye.

Gofu lako na mfuko wa saruji

Turudi kijijini. Kinachofungua mlango huo mara nyingi ni nia njema. Waumini wanataka kuuokoa msikiti wa zamani, wanachanga fedha, wananunua saruji, wanakwangua lipu ya zamani na kupiga mpya. Saruji hushika zaidi kwa maji kuliko kwa hewa, kwa hiyo haina kumbukumbu kama ya chokaa. Na kilichokwanguliwa kikatupwa shimoni hakirudi.

Wengine hubeba mawe ya gofu kujengea choo au msingi wa nyumba. Jiwe moja halionekani kuwa kitu, lakini chokaa iliyolishikilia ndiyo hati pekee ya wazee waliojenga pale.

Ukiwa na gofu jirani, fanya mambo haya:

Usikwangue lipu ya zamani, wala usitie saruji kabla ya kuuliza.

Usiwashe moto ukutani wala kuchoma takataka hapo. Moto mkali huiunguza chokaa upya, na saa inaanza kuhesabu kutoka mwanzo.

Piga picha kwa simu yako leo, kila upande, na uzihifadhi pamoja na jina la mahali.

Toa taarifa kwa serikali ya kijiji au mtaa, nao wawafikie wahusika: Tanzania Bara ni idara ya Mambo ya Kale, Zanzibar ni Makumbusho na Mambo ya Kale, na Kenya ni Makumbusho ya Taifa.

Waandikishe wazee wanayoyakumbuka. Maabara inaweza kutaja karne. Haiwezi kutaja jina la aliyejenga, wala aliyezikwa pale, wala sababu ya watu kuhama. Hayo bado yamo vichwani mwa wazee wetu, na wao pia wanaondoka.