Joho Jeusi, Jua la Utosini

Mahafali yakimalizika saa sita, hakuna anayesubiri mwanga mzuri. Ndugu wameshajipanga na mashada ya maua, gari la kukodi linapiga honi, na jua la Novemba la Dar es Salaam liko karibu utosini, limeinamia kusini kwa nyuzi kumi na kitu tu. Ukingo wa kofia unatupa kivuli hadi puani, macho yanazama gizani. Hapo hakuna setingi ya kukuokoa. Msogeze mhitimu kwanza, vitufe baadaye.

Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi hutaka picha mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Wapigie hiyo kwa ajili ya ukumbusho, kisha tafuta upande wa jengo wenye kivuli, ambako mbele yake kuna zege au sakafu nyeupe inayopigwa na jua. Mwanga ukigonga chini hurudi juu na kuingia chini ya kofia, mahali ambapo jua lenyewe halifiki. Majani mabichi nayo hurudisha mwanga, ila huja na ukijani wake hadi kidevuni. Mwembe wenye matawi mazito unafaa; wenye majani haba utamjaza mhitimu madoadoa ya jua usoni, na hayo hayafutiki kirahisi kwenye kompyuta.

Sasa kamera. Weka A, au Av kama ni Canon, ili wewe uchague apecha na kamera itafute kasi ya shata. Anza na ISO 100. Kwenye jua kali f/4 itakupa shata ya 1/1600 hivi; ukiingia kivulini mwanga hupungua kama mara nane, nayo shata itashuka hadi karibu 1/200. Hiyo inatosha kwa mtu aliyesimama. Ikienda chini ya hapo, panda ISO 200 au 400 bila wasiwasi. Wanaoanza huogopa chenga za ISO kuliko mtikisiko wa mkono, wakati picha yenye chenga kidogo inachapika na iliyotikisika haichapiki.

Lenzi ya 50mm ya f/1.8 ina bei nafuu na ni nzuri mno, lakini usiifungue yote kwa sababu tu inafunguka. Kwenye kamera nyingi za wanaoanza, mtu akiwa mita mbili mbele yako, f/1.8 inaacha kina cha sentimita kumi na moja hivi tu kilicho kikali. Fokasi ikiteleza ikashika kishada cha kofia, jicho limekwenda. Mimi hukaa f/2.8 au f/4 kwa mtu mmoja, na doa la fokasi naliweka kwenye jicho lililo karibu. Familia ikijipanga safu mbili, nenda f/8 na urudi nyuma hatua chache.

Penye mtego hasa ni joho. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Joho jeusi likijaza fremu, kamera huona giza na kuongeza mwanga: joho linageuka la rangi ya majivu, na ngozi nyeusi inapauka, paji la uso likimeta kwa jasho. Anga jeupe likiwa nyuma, hufanya kinyume chake na uso unakuwa kivuli. Dawa ni kitufe chenye alama ya +/-. Joho likitawala, shusha hadi -0.7 au -1. Anga likitawala, pandisha +1. Kisha washa onyo la mwanga uliozidi, lile linalopepesa kwenye skrini. Paji la uso likipepesa, shusha tena. Na kabla ya yote hayo mpe mhitimu leso ajifute. Kamera haina kitufe cha jasho.

Kivuli huleta ubuluu. Chagua alama ya kivuli au wingu kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga, na kama kadi yako ina nafasi, hifadhi faili za RAW ili uweze kurekebisha rangi baadaye. Flashi ya kamera si ya usiku tu: hujaza macho mchana, ila kamera nyingi haziiruhusu kupita shata ya 1/200 au 1/250, hivyo juani utalazimika kufunga apecha hadi f/11.

Wakitaka kurusha kofia, hamia shata ya 1/1000, ISO 400 ikibidi, na upige mfululizo ukiwa umechuchumaa. Waambie warushe juu, si mbele, na mara mbili zinatosha. Kofia nyingi ni za kukodi.